Je, Watoto wa Kikristo Wasome Hadithi za Uchawi?



Mwezi huu twapenda kusema nanyi, enyi wazazi na walimu, juu ya jambo ambalo wengi wametuuliza, wengine kwa barua, wengine mlangoni pa kanisa baada ya sala. Wauliza hivi: mtoto aliyebatizwa akionekana anasoma kitabu cha hadithi chenye wachawi, mazimwi na maneno ya kuloga, je, yatupasa kumnyang'anya? Twalijibu swali hili kwa unyenyekevu, maana sisi wenyewe mara ya kwanza tulilijibu vibaya. Heri basi tuanze kwa kuungama.

Katika Kwaresima iliyopita, Jumamosi moja jioni, mzee mmoja wa kanisa alifika nyumbani kwetu, naye amechukua kitu kilichofungwa katika kanga kuukuu. Alikichukua mbali na mwili wake, kama mtu achukuaye nyoka asiye na hakika kwamba amekufa. Tulipokwisha kuamkiana na kuketi, alinena, "Mwalimu, nimekuletea uchawi ulioingia nyumbani mwangu." Tukaifungua kanga, tukaona kitabu kinene cha Kiingereza. Binti yake, aliye kidato cha pili katika shule ya bweni, alikuwa amekiazima kwa mwenzake akaja nacho wakati wa likizo. Kilikuwa kimoja cha vile vitabu saba vya Harry Potter, vilivyoandikwa na mwanamke Mwingereza, J. K. Rowling. Mzee hakijui Kiingereza, lakini alikuwa amemsikia mhubiri mmoja redioni akisema kwamba vitabu hivyo ni mlango wa Shetani. Akataka tukichome kesho yake mbele ya watu wote, iwe onyo kwa vijana.

Nasi tukakubali. Hatukusoma hata ukurasa mmoja. Tulikwisha kuchagua na somo la mafundisho, yaani Matendo ya Mitume sura ya 19, habari za watu wa Efeso waliochoma vitabu vyao vya uganga. Usiku ule tulilala tukijiona hodari wa imani.

Asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, yule binti alipiga hodi. Alikuwa amelia, lakini alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwalimu, baba ameniambia kitabu kitachomwa leo. Sitabishana na baba. Nataka kuuliza neno moja tu. Na ile iliyo shingoni mwa mdogo wangu, itachomwa pia?"

Wasomaji wetu, tulinyamaza kimya. Tulijua anasema nini. Mdogo wake ni mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Siku ya ubatizo wake tulikuwa karibu na Padre, tukimsaidia, na mama alipoifungua shati ya mtoto ili apakwe mafuta, tuliuona uzi mweusi, na mwisho wake kifuko kidogo cha ngozi. Ilikuwa hirizi. Tuliiona, tukageuza macho. Tuliyanyamazia kwa kuwa baba yake ni mzee wa kanisa, tena ndiye aliyetoa mabati mengi kuliko wote tulipoezeka kanisa letu. Tulikuwa tayari kuchoma hadithi ya mtoto wa shule, na uganga wenyewe tulikuwa tumeupa ubatizo pamoja na mtoto.

Siku ile hatukuchoma kitu. Tuliahirisha, tukaanza kuchunguza jambo hili tangu mwanzo, kwa kusoma na kuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, yatupasa kuwatendea haki wale wanaovikataa vitabu hivi, maana si wajinga, wala woga wao si wa bure. Kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, na cha saba mwaka 2007. Hata ulipofika mwaka 2018, vilikuwa vimeuzwa nakala zaidi ya 500,000,000 katika dunia, kwa lugha zipatazo 80. Kitu kinachoingia katika vichwa vya watoto wengi namna hiyo si ajabu wazazi wakiulizia habari zake. Huko Marekani chama cha wakutubi wa nchi ile kiliviweka juu kabisa katika orodha ya vitabu vilivyopingwa kuliko vyote kati ya mwaka 2000 na 2009. Tarehe 30 Desemba 2001, katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, kanisa moja liliwasha moto likavichoma. Na mchungaji wao alikiri kwamba hakuwa amevisoma. Katika mji wa Cedarville, jimbo la Arkansas, wakubwa wa shule waliamuru mtoto asipewe vitabu hivyo maktabani bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 2003 hakimu akaamuru virudishwe mahali pake pa wazi.

Wala tusidhani kwamba ni mambo ya madhehebu mengine tu. Tarehe 31 Machi 2019, katika mji wa Gdańsk, nchi ya Polandi, mapadre walivichoma nje ya kanisa pamoja na vitu vingine, na kati ya vitu hivyo kilikuwamo kinyago cha mbao cha namna ya Kiafrika. Watu wengi walichukizwa, na baada ya siku chache ikaombwa radhi hadharani. Mwaka huohuo, katika mji wa Nashville huko Marekani, padre wa shule moja ya Kikatoliki aliviondoa maktabani baada ya kutaka shauri la mapadre wenye kazi ya kufukuza pepo. Yeye aliamini kwamba maneno ya kuloga yaliyoandikwa humo ni maneno ya kweli, na kwamba mtoto akiyasoma aweza kuwaita pepo wabaya.

Ukikusanya hoja zao wote, utaziona ni nne. Ya kwanza ni Maandiko: Kumbukumbu la Torati 18:10-12 yakataza kupiga ramli, kuloga na kuwauliza wafu, naye Mtakatifu Paulo auweka uchawi kati ya matendo ya mwili katika barua yake kwa Wagalatia, sura ya 5. Ya pili, kwamba mtoto akiuzoea uchawi kama mchezo, kesho hatauogopa ukija kwa kweli. Ya tatu, kwamba watoto wanaosifiwa katika hadithi hizo mara nyingi huwadanganya wakubwa na kuvunja amri za shule, kisha hupewa tuzo. Ya nne imeelezwa na Michael O'Brien, mwandishi Mkatoliki wa Canada. Yeye asema kwamba hadithi za kale zilimwonyesha mtoto joka kuwa joka na mchawi kuwa mwovu, bali hadithi nyingi za siku hizi zimezigeuza alama hizo, hata mtoto asijue tena ni nani wa kukimbiwa. Hoja hizi si nyepesi, na mzazi anayezitaja asichekwe.

Wakubwa wa Kanisa nao hawakusema neno moja. Mwezi wa Februari mwaka 2003, padre mmoja Mwingereza, alipoulizwa na waandishi wa habari huko Vatikani, alisema haoni ubaya katika vitabu hivyo. Mwezi uliofuata Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Papa Benedikto wa 16, alimwandikia Gabriele Kuby, mwanamke Mjerumani aliyevipinga, akamsifu kwa kuwafumbua watu macho, na akaonya kwamba kuna ushawishi wa siri uwezao kuiharibu imani rohoni kabla haijakomaa. Mwezi wa Januari mwaka 2008 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilichapa makala mbili, moja ya kuvitetea na moja ya kuvikataa. Tena mwezi wa Julai mwaka 2009 gazeti lilelile liliisifu sinema ya sita ya Harry Potter kwa kuonyesha wazi mpaka kati ya wema na uovu. Wala amri ya kuvikataza kwa Wakatoliki wote haikutolewa. Ile Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, iliyotumika kwa karne nyingi, iliondolewa nguvu yake ya sheria mwaka 1966, na mzigo wa kupima ukaja juu ya dhamiri ya Mkristo. Mzigo huo basi ni wetu, wazazi na walimu. Haufai kutupwa juu ya mhubiri wa redioni.

Basi tukakisoma. Tulikwenda kwa yule mzee, tukamwomba ruhusa, na jioni nne tuliketi barazani pake: mzee, mkewe, bibi mzaa baba, watoto, nasi. Binti alisoma kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Kilikuwa kile kitabu cha kwanza. Chasimulia habari za yatima aliyelelewa kwa kudharauliwa na mama yake mkubwa na mumewe, akilazwa katika kijichumba chini ya ngazi. Alipotimiza miaka 11 akaitwa kwenda katika shule inayofundisha uchawi. Wazazi wake waliuawa na mchawi mwovu aitwaye Voldemort, naye mtoto akapona kwa kuwa mama yake alijitia kati, akafa badala yake. Kitabu chasema kwamba upendo wa mama yule ulibaki ndani ya mtoto kama ngao ambayo adui hawezi kuigusa.

Bibi alisikiliza jioni ya kwanza yote bila kusema neno. Mwisho akanena, "Kumbe ni hadithi ya yatima na zimwi. Hizi nilizisikia kwa mama yangu." Mzee naye hakuwa mwepesi. Mara tatu au nne alimkatiza binti yake: "Ngoja. Mtoto huyo amemdanganya mwalimu wake. Mbona hakuadhibiwa?" Naye binti akafikiri, akajibu, "Kweli, baba. Hapo mwandishi hakutenda vema." Tunawaambia, wasomaji, katika miaka yote ya kufundisha katekisimu ni mara chache tumemsikia baba na binti wakipima jema na baya pamoja kwa namna ile.

Tuliyoyaona katika kitabu kile, na tuliyoyasoma baadaye katika vile vingine, ni haya. Watu wa hadithi hawaombi pepo, wala hawatoi kafara. Nguvu zao wamezaliwa nazo, kama vile ndege azaliwavyo na mabawa. Wanaovipinga husema kwamba hapo ndipo hatari, maana uchawi waonekana kuwa kitu kisicho na hatia. Wanaovitetea husema kwamba huo si uchawi unaokatazwa na Maandiko, bali ni mchezo wa fikira tu. Mwalimu wa kutabiri katika shule ile huchekwa na wenzake na wanafunzi. Hata hivyo mara mbili utabiri wake watimia. Yule mwovu ameipasua roho yake kwa kuua watu, ili asife kamwe. Na katika kitabu cha mwisho kijana Harry aenda kwa hiari yake kumkabili adui, tayari kufa ili wengine wapone. Juu ya kaburi la wazazi wake limechorwa neno la Mtakatifu Paulo kutoka Wakorintho wa Kwanza 15:26, na mwaka 2007 mwandishi mwenyewe alisema kwamba ufanano na mambo ya Kikristo ulikuwamo tangu mwanzo. Hatusemi kwamba ni vitabu vitakatifu. Vina dosari zake, na dosari nyingine mzee wetu alizitambua mwenyewe. Bali si vitabu vya uganga. Aliyevisoma vyote saba hajajifunza namna ya kumdhuru jirani yake.

Tena tujiulize: hadithi za namna hii ni ngeni kwetu? Nani kati yetu hakulelewa na hadithi za zimwi mla watu, na za majini, na za sungura anenaye? Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa kitabu chake Adili na Nduguze. Humo ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani na binti wa jini kwa uovu waliomtendea ndugu yao, na mwisho wanasamehewa na kuwa watu tena. Watoto wengi wamekisoma shuleni, Wakristo kwa Waislamu, nao wamejifunza ubaya wa wivu na uzuri wa msamaha. Hatujasikia mtoto aliyejaribu kumgeuza ndugu yake nyani. Kati ya Wakristo wa Ulaya nao, J. R. R. Tolkien, Mkatoliki mwenye bidii, alitoa hadithi ya mchawi mwema, vijitu vifupi na joka mwaka 1937. Rafiki yake C. S. Lewis, Mwanglikana, kuanzia mwaka 1950 alitoa vitabu saba vya nchi ya Narnia, ambamo simba Aslan akubali kufa badala ya mtoto aliyewasaliti nduguze. Hata vitabu hivyo vimewahi kushtakiwa kuwa ni vya uchawi.

Na Maandiko je? Katika Waamuzi sura ya 9 Yothamu asimulia jinsi miti ilivyokwenda kujitafutia mfalme, nayo ikasemezana. Hakuna aliyemwambia kwamba amesema uongo, maana wote walijua ni mfano, na ulichoma mioyo yao. Tena Danieli na wenzake, kama tusomavyo katika sura ya kwanza ya kitabu chake, walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu mashuhuri kwa kutazama nyota na kufasiri ndoto. Walijifunza, lakini walikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Walijua tofauti ya kusoma na kushiriki.

Lakini hapa kwetu jambo hili lina uzito wake, nasi hatutaki kulifanya jepesi. Mtoto wa London amesoma habari za mchawi arukaye kwa ufagio, akacheka. Mtoto wa kwetu amesikia watu wazima, tena kwa sauti ya chini, wakisema kwamba fulani huruka usiku kwa ungo. Na huyo fulani ana jina, ana nyumba, ana wajukuu. Katika nchi ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni. Katika Tanzania watu zaidi ya 70 wenye ualbino wameuawa tangu mwaka 2000, kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu mwaka 1928, na mwezi wa Januari mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na kibali, lakini moyo wa mtu hausafishwi na tangazo. Kwa hiyo mzazi wa kwetu akisikia neno uchawi, hasikii mchezo. Ana haki ya kushtuka.

Ila tuulize: mauaji hayo yalitoka wapi? Hayakutoka katika vitabu vya hadithi. Yalitoka kwa waganga walioagiza, na kwa watu wenye tamaa waliolipa fedha. Na wengine kati ya hao walioketi kwa mganga usiku, asubuhi waliketi pamoja na waamini wenzao. Ikiwa hofu yetu ya uchawi yaishia kwenye kitabu cha mtoto, nayo haifiki kwenye mlango wa mganga, basi hofu hiyo imepotea njia.

Na hapa turudi Efeso, kwa lile somo tulilotaka kulitumia vibaya. Lisomeni tena taratibu, Matendo 19:18-19. Ni nani aliyechoma vitabu? Ni walewale waliokuwa wakifanya uganga. Walichoma vitabu vya nani? Vyao wenyewe. Walitanguliza nini? Walikuja wakaungama matendo yao. Paulo hakuingia nyumba za watu kupekua, wala baba hakuchoma cha mwanawe akaficha chake. Tena walipoteza mali nyingi: hesabu yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Moto wa Efeso ulikuwa toba, na toba humgharimu mwenye kutubu. Moto tuliotaka kuuwasha sisi ungemgharimu msichana mmoja tu.

Basi twende tena nyumbani kwa mzee. Jioni ya nne, kitabu kilipokwisha, watoto walikwenda kulala. Mzee akatutazama. Binti alikuwa amemwambia lile swali alilotuuliza. Akasema, "Mwalimu, ile ya shingoni mwa mtoto, wewe ulikuwa umeiona?"

Tukajibu, "Tuliiona siku ya ubatizo."

"Ukanyamaza."

"Tulinyamaza. Utusamehe."

Akainama kwa muda mrefu. Ndipo bibi, aliyekuwa gizani karibu na mlango, aliposema kwamba ni yeye aliyeitafuta. Alizaa watoto saba. Wawili walikufa kwa degedege, wakitetemeka mikononi mwake usiku, na hapakuwa na zahanati wakati ule. Mjukuu huyu naye alipopatwa na degedege, aliondoka kabla ya mapambazuko akaenda kwa mganga, akauza mbuzi wake ili alipe. Hakufanya hivyo kwa kumchukia Mungu. Alifanya kwa kuogopa kuzika mtoto wa tatu.

Hatukumkemea, wala hatukuikata hirizi kwa mkono wetu. Tulimweleza tu yale tuliyojifunza kwa mganga mkuu wa hospitali: kwamba degedege si pepo, bali mara nyingi ni malaria kali inayopanda kichwani mwa mtoto, wala uzi wa shingoni hauwezi kuizuia, na kwamba kila saa inayopotea kwa mganga wa ramli yaweza kuwa saa ya kufa. Kesho yake tulikwenda nao zahanati, yule bibi akiwa amembeba mtoto mwenyewe. Muuguzi alimpa chandarua na kumwonyesha dalili za hatari. Hirizi alirudi nayo, ikiwa bado shingoni mwa mtoto.

Baada ya Pasaka, katika mvua kubwa, mtoto akapatwa na homa usiku wa manane. Bibi ndiye aliyemwamsha mzee. Hakutaja mganga, alisema, "Mwanangu, tafuta pikipiki, twende zahanati." Walifika kabla degedege haijaanza. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria, mtoto akapewa dawa, na baada ya siku tatu alikuwa akikimbiza kuku uani. Juma lile bibi aliifungua ile hirizi kwa vidole vyake, akaitia katika moto wa jikoni, chini ya chungu cha maharagwe. Hakukuwa na kusanyiko, wala hotuba. Tulipata habari kwa binti yake mzee, katika barua aliyotuandikia kutoka shuleni. Kitabu alikwisha kukirudisha kwa mwenyewe.

Kutoka katika hayo twawapa shauri, ninyi wenye nyumba na ninyi walimu.

Kwanza, usihukumu kitabu usichokisoma. Kama hujui lugha yake, mwambie mtoto akusomee na kukueleza. Hilo si aibu kwa mzazi. Ni heshima kwa mtoto.

Pili, kipime kwa maswali manne. Je, chafundisha kwa kweli namna ya kupiga ramli, kuita wafu au kumdhuru mtu? Hicho ni cha uganga, nacho kiondoke. Je, uovu ndani yake waonekana kuwa uovu? Je, anayeshinda hushinda kwa upendo na ushujaa, au kwa hila na kisasi? Na mtoto wako mwenyewe, akikifunga, amekuwa mwema zaidi au mkaidi zaidi? Filipi 4:8 itakusaidia katika kupima.

Tatu, watoto hawafanani. Yuko asomaye akacheka, na yuko asomaye asilale usiku kwa hofu, au aanzaye kutamani nguvu za siri. Huyo wa pili mwondolee kitabu kwa upole, umweleze sababu, naye akikua ataamua.

Nne, ninyi walimu, msimcheke mtoto ambaye wazazi wake wamemkataza. Mpeni kitabu kingine, msimgombanishe na nyumba yake.

Tano, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kabla hujapekua mfuko wa shule wa mwanao, pekua nyumba yako. Tazama shingoni mwa watoto, viunoni, juu ya mlango, chini ya kitanda, ndani ya boma la ng'ombe, katika duka. Jiulize ulikwenda kwa nani mlipoibiwa, au ulipotaka mtihani wa mwanao upite. Watoto huona. Nao hawatutii kwa yale tuyasemayo Jumapili. Hutufuata katika yale tuyafanyayo usiku wa homa.

Sisi tumekwisha kuungama kwa Padre kule kunyamaza kwetu, na sasa twaungama mbele yenu, ili ndugu katekista mwingine, aonapo uzi mweusi shingoni mwa mtoto wa mtu mkubwa, asigeuze macho kama sisi. Aseme kwa upendo, na mapema, wala asingoje kuulizwa na mtoto.

Mungu azilinde nyumba zenu, na watoto waliomo.

Ni sisi, mwalimu wenu katika Kristo.